Boga Getini, Msimu wa Kuamia Ndege

Mwalimu mkuu alikuja getini mwenyewe, saa ya mapumziko, na hakuja kununua. Alisimama kati ya karai langu la mihogo na ndoo ya barafu ya mama tunayeuza naye, akawaangalia watoto wanavyotujia. Wadogo walikimbilia barafu, zile nyekundu zinazoacha ulimi kama umepakwa rangi ya kucha. Wakubwa walitaka mihogo, na pilipili nyingi, na wakimaliza wanalamba mafuta kwenye karatasi. Kengele ilipogongwa watoto wakarudi ndani, yeye akabaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee, baada ya mapumziko nikipita madarasani nakuta vichwa viko juu ya madawati. Wanasinzia kama wamelewa. Nikiwauliza wamekula nini tangu asubuhi, wanakutaja wewe na mama hapa."

Mama wa barafu, ambaye hakosi neno, akasema, "Si tunawasaidia basi, mwalimu? Bila sisi wangekula nini?"

"Ndiyo maana siwafukuzi leo. Kamati inataka geti lifungwe, asiuze mtu yeyote. Nimewaomba wangoje mpunga uvunwe, wazazi warudi, tukae kikao. Mkiendelea hivi hivi, siku hiyo sitakuwa na neno la kuwatetea."

Nimewasikia wengine wakimsema mwalimu yule vibaya, kwamba ana roho ngumu. Mimi naona alikuwa na haki. Nasi tulikuwa na haki yetu, ndogo kidogo kuliko yake. Asiyekaa hapa Ifakara inabidi aelezwe. Mpunga ukishapandwa, nyumba nyingi hubaki na watoto peke yao. Wazazi wanavuka daraja, baiskeli zimebeba magodoro na sufuria, wanahamia mashambani kule bondeni. Wanapalilia, na mpunga ukianza kutoa masuke wanakaa juu ya madungu, vile vichanja vya miti, kutwa nzima wakipiga kelele na madebe, wanaamia ndege wasile mpunga. Mtoto anayesoma anaachwa mjini ili asikose shule. Anaachiwa ndoo ya mchele, chumvi, na jirani wa kumchungulia. Binti wa darasa la tano anakuwa mama wa nyumba. Na mtoto akijipikia mwenyewe hahangaiki na mboga. Anapika wali, anaula na chumvi au na chai, analala. Asubuhi anakuja shule na tumbo tupu, ananikuta mimi.

Kwa hiyo geti likifungwa, hao wangekaa na njaa mpaka jioni. Na mimi, niliyekata miwa huko juu kwenye mashamba ya sukari mpaka mgongo ukakataa kuinama, ningebaki na karai lisilo na kazi.

"Tufanyeje?" nikamuuliza mama wa barafu.

"Tuuze. Mpaka mavuno atakuwa amesahau."

"Huyu hasahau."

"Basi wachemshie maboga, babu," akasema huku akicheka. "Uone kama hawatakutupia mawe."

Alisema kwa utani, lakini mimi nililibeba neno lile mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa na maboga nyuma ya nyumba, yametambaa mpaka juu ya paa la choo. Magimbi yalikuwepo. Ndizi mbivu shemeji yangu anauza barabarani kule Mkula, hakosi mkungu wa kututumia. Vyote ni chakula kizuri, mke wangu amewalea navyo wajukuu wetu na hakuna aliyesinzia. Elimu yangu ni ya darasa la saba, sikujua kueleza boga lina nini ndani yake. Nilijua tu kwamba ukila boga asubuhi, mchana unakukuta umesimama.

Siku ya kwanza sufuria ya boga ilirudi nyumbani kama ilivyotoka. Ya pili vilevile. Nikafikiri labda chumvi imezidi. Nikafikiri labda nimekata vipande vikubwa. Mke wangu akaonja, akasema boga halina kosa, kosa analo mwuzaji. Nguruwe wa jirani ndio walionenepa kwa nia yangu njema.

Ndipo nikafanya lile jambo ambalo nililiona la huruma. Palikuwa na binti mmoja wa darasa la tano, mwembamba, mkali wa maneno, ambaye wazazi wake walikuwa shamba tangu palizi. Alikuwa anawalea wadogo zake wawili, wote wanasoma hapo. Nikamwita mbele ya wenzake: "Mwanangu, njoo na wadogo zako. Najua mama yuko shamba. Chukueni boga, sitaki hela."

Alinitazama. Akapokea, maana mtu mzima akikupa kitu kwa mikono miwili hukatai. Kabla hajafika kwenye ukuta wa shule, kelele zikaanza.

"Kwao mchele umeisha! Wanakula boga! Kwao mchele umeisha!"

Walikuwa wanaimba na kupiga makofi, darasa zima. Mdogo wake wa mwisho akaanza kulia.

Jioni, watoto wameshatawanyika, yule binti akaja peke yake. Hakuniamkia. Akaweka sahani yangu juu ya benchi, boga likiwa bado ndani yake.

"Babu, umenitangaza."

"Nimekutangaza nini, mama?"

"Kwamba kwetu mchele umeisha. Haujaisha. Upo, ndoo imejaa mpaka hapa." Akaonyesha kwa mkono, shingoni kwake. "Mama alinipimia. Njoo uone."

"Lakini boga ni chakula kizuri tu, mwanangu."

"Boga wanakula wasio na mchele," akasema, na akaondoka.

Nilikaa pale na lile karai limepoa. Nimezaliwa bonde hili, nikawa nimesahau jambo ambalo kila mtoto analijua. Kwetu aliyekula wali ndiye aliyekula, vingine vyote ni vya kusogezea siku. Boga na gimbi ni vya miezi ile ambayo ghala ni tupu na mpunga bado uko shambani, watu wanakula ndani, mlango umerudishwa. Nami nimevileta getini, msimu huohuo, nikamchagua mtoto mmoja nikampa mbele ya watu.

Mke wangu alisema niache. "Uza mihogo yako, mwalimu akifunga afunge." Hakukosea. Mihogo ndiyo iliyokuwa inatulisha. Lakini nilikuwa nayaona macho ya yule binti, na nikasema siachi, ila sitampa mtu tena. Nitakula mwenyewe.

Kesho yake nilifika getini, nikawasha moto wa karai kama kawaida, na kengele ya mapumziko ilipolia nikakaa juu ya ndoo, sahani ya boga magotini, nikaanza kula. Taratibu. Kama mtu aliyealikwa harusini.

Kijana wa darasa la sita akanisogelea. "Babu, vipi, kwenu mchele umeisha?"

"Umeisha," nikamwambia.

Hakutegemea. "Kweli?"

"Umeisha kabisa. Hata chenga hakuna. Ndiyo nakula boga hivi, unaniona nimekonda?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kesho yake wakaja kuuliza tena, nikajibu vilevile, nikala vilevile. Wiki ile yote hakuna aliyeonja. Mtaani habari ikafika kabla yangu, mke wangu akanipokea mlangoni amefunga kanga kiunoni.

"Umenitangazia njaa mtaa mzima! Jirani ameniletea bakuli la mchele kwa siri, analia. Na mchele wetu uko chini ya kitanda!"

"Umerudisha?"

"Nimerudisha, na aibu juu yake."

Nikamweleza. Akasema nimuombe radhi jirani mwenyewe, maana yeye hana uso wa kurudi kule. Nikaenda.

Wa kwanza kunitoa kwenye upweke alikuwa mama wa barafu. Sijui kama alinionea huruma au alichoka kuwasikia wakinicheka. Siku moja akafunika ndoo yake, akaja na kuchukua kipande cha boga kwenye sahani yangu bila kuomba, akapaza sauti: "Na kwangu pia umeisha! Tena mimi tangu mwaka jana!"

Hapo ukawa mchezo. Mtoto mmoja akasema na kwao umeisha, akapewa kipande, kisha wa pili, kisha wakapanga mstari. Anayefika mbele lazima apige kelele, "Kwetu umeisha!", ndipo anauziwa. Watoto wa waliokuwa na maghala yamejaa ndio waliopiga kelele kuliko wote. Niseme ukweli, wengi walikuja kwa ajili ya kupiga kelele, na mihogo bado walinunua. Lakini boga lilikuwa linaingia mdomoni. Mama wa barafu naye akaanza kugandisha ukwaju, bila ile rangi, sukari kidogo. Mwanzoni walikunja nyuso. Yeye akawaambia hiyo ni ya wenye ulimi wa kiume, wavulana wakamaliza ndoo.

Yule binti alikuwa anapita mbali. Wadogo zake aliwashika mikono, mmoja huku, mwingine huku. Sikumwita. Ilinigharimu kutomwita, lakini sikumwita.

Siku aliyokuja, mstari ulikuwa umeisha na mimi nilikuwa nakwangua sufuria. Alikuwa ameshika hela yake mwenyewe ngumini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

"Nipe boga. La kununua."

Mvulana mmoja nyuma yake akadakia, "Mpaka useme! Sema kwenu umeisha!"

Akamgeukia. "Kwetu upo. Lakini boga nalitaka. Kuna kesi?"

Nikampimia binti vipande kama ninavyompimia mteja yeyote, nikapokea hela yake, nikamrudishia chenji. Akagawa na wadogo zake pale pale mbele ya geti.

Mpunga ukavunwa. Wazazi wakarudi na magunia, mtaa mzima ukanukia mchele mpya. Nilijua hiki ndicho kipimo chenyewe. Msimu wa njaa mtu anaweza kula boga kwa mchezo. Sasa wali umejaa kila nyumba, nani angelitaka?

Kikao kilifanyika darasani, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kidevuni. Mwalimu mkuu akaeleza alichokiona, cha ubaya na cha afadhali, hakutuongezea wala kutupunguzia. Baba mmoja akasimama: "Mimi nimekuzwa na mihogo ya getini, na leo nalima kama trekta. Waacheni wazee wauze." Watu wakacheka, na ni kweli yule bwana ana mabega. Mwingine akasema geti lifungwe tu, watoto wale nyumbani. Akaulizwa nyumbani na nani, msimu wa kuamia ndege. Akakaa.

Kisha akasimama mama yake yule binti. Ngozi yake ilikuwa bado na jua la shambani.

"Mimi nimerudi juzi," akasema. "Nimepika mchele mpya, ule unaoshuka wenyewe bila kitoweo. Nimemimina. Mwanangu ananitazama, ananiuliza, 'Mama, mboga iko wapi?' Nikamwambia huu ni mchele mpya, mwanangu, mboga ya nini? Akachukua kisu, akaenda kuomba majani ya maboga kwa jirani, akarudi akapika. Wadogo zake wakamngoja! Wali unapoa, wanamngoja! Nilitaka kumchapa, nilidhani ni dharau." Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Nikauliza haya wameyatoa wapi, nikaambiwa kuna mzee getini anakula boga na kutangaza kwake mchele umeisha."

Nilitamani dawati linimeze.

"Mimi nasema abaki. Ila lile karai la mafuta aliondoe. Hilo silitaki."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Geti halikufungwa. Karai liondoke, barafu za rangi ziondoke. Mama wa barafu alinung'unika njia nzima, nami nilikuwa na la kunung'unikia, maana hakuna kitu kilichouzika kama mihogo. Lakini sikuona pa kusema kwamba wametuonea.

Asubuhi yake nilikwenda na sufuria mbili, ya boga na ya magimbi, na ndizi za shemeji. Kengele ikalia. Wengine walikuja wakatafuta karai kwa macho, wakanipita bila kusema kitu. Wengine wakasimama. Yule kijana wa darasa la sita akafunua sufuria ya boga mwenyewe, mvuke ukampiga usoni.

"Babu, bado tu mchele umeisha?"

"Upo," nikamwambia. "Umejaa mpaka chini ya kitanda. Unataka kubwa au dogo?"

Akafikiri.

"Kubwa."