Firigisi Iliyopotea Ndani ya Sosi ya Manjano

Nakumbuka siku kuku alipofika mezani kwa baba yangu bila ngozi, bila kichwa, bila miguu, na mimi niliyempika nikawa karibu kukosa mume. Mwanangu, usicheke kwanza. Utacheka mbele, nami nitacheka pamoja nawe, lakini siku ile hakuna aliyecheka mpaka mzee mmoja alipoanza, naye alichelewa.

Naandika ndani ya kaye hii, yaani daftari, Kiswahili tulichofundishwa shuleni, na huko nilifika mwaka wa sita tu. Maneno ya watu nayaacha vile walivyoyasema, nisije nikawatia kinywani kitu kisicho chao. Kama kuna mahali nimekosea, ni kichwa kimezeeka.

Nilikuwa bado nyumbani kwa baba, hapa Bulengera, Butembo. Kijana aitwaye Kambale alikuwa amenipenda, ndiye niliyezeeka naye, na watu wake wa Luofu walikuwa wametuma neno kwamba watakuja Jumapili kuniona na kutaja siku ya kuleta mbuzi za mahari. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye mbuzi zile. Si kwa sababu ya nyama. Mbuzi zikija, mimi ni mke. Zisipokuja, mimi ni msichana aliyeangaliwa akaachwa, na Bulengera nzima itajua kabla ya misa.

Sasa, nyuma ya ua wetu aliishi Mama Zaituni, Mwislamu, mume wake dereva wa lori la kwenda Kasindi, mpakani. Kila lori liliporudi, jiko lake lilinuka vitu ambavyo kwetu hatukuwa na majina yake. Sisi tulikuwa watu wa sombe ya majani ya muhogo, maharagi na viazi, chakula kizuri, sikidharau hata leo. Lakini jioni za Butembo zina baridi, mvua ikipiga mabati, na ile harufu ikivuka ua inakuingia mpaka ndani ya blanketi. Siku moja aliniona nimesimama pale kama mbuzi aliyeona chumvi.

“Weye Masika,” akasema, “pua yako imeshaingia mu nyumba yangu, na miguu ikuye basi.”

Nikaingia. Alikuwa anapika kuku kwa namna ya Wahindi. Alimvua ngozi yote, akamkata vipande vidogo vidogo, akampaka maziwa ya mgando, chumvi na manjano, akamwacha apumzike. Halafu vitunguu ndani ya mafuta, polepole, mpaka vikawa rangi ya udongo wa barabara yetu. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Kisha akafungua karatasi ya bizari iliyotoka Kasindi, lakini kabla hajaimwaga alisimamisha mkono.

“Hii nilifundishwa na Mama Shirin, muke ya Muhindi moja kule Beni. Nilikuwa nafua manguo yake. Yee alifundishwa na mama yake.” Ndipo akaimwaga. “Hapana tupia bizari mu maji, unasikia? Ionane na mafuta kwanza. Ikishasalimiana na mafuta, njo itakupatia harufu.”

Nikadhani kutaja majina ni mazungumzo tu ya kupitisha muda. Sikujua kwamba lile nalo lilikuwa kiungo.

Baada ya hapo nyanya, kuku, maji kidogo, kifuniko. Mwishoni karoti, viazi na njegere mbichi, vile vyetu vya Lubero. Akasema mboga zisiingie mapema, zitakuwa uji. Nilikula sahani mbili. Alinifungia bizari kidogo ndani ya karatasi, akasema nitajaribu siku nikiwa na nafasi.

Nafasi ikaja kwa miguu yake. Wakwe walisema Jumapili, lakini gari la viazi lilipatikana Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi asubuhi wakawa mlangoni: Baba Paluku, baba yake Kambale, mzee mwenye meno machache, na dada ya mzee huyo, Shangazi Katungu, mwanamke mrefu ambaye macho yake yalihesabu kila kitu, na Kambale mwenyewe nyuma yao, anaangalia viatu vyake. Na mama yangu alikuwa Beni kwa dada yake aliyejifungua, hakutegemewa mpaka usiku. Baba alichinja jogoo, akanikabidhi, akasema, “Pika vizuri, mutoto yangu.” Basi. Baba hakuwa mtu wa maneno.

Ningepika kama mama. Nilijua. Lakini ile karatasi ya bizari ilikuwa inaniita kutoka rafuni, na nikajiambia, watu hawa wamekula kuku wa kuchemsha maisha yao yote, leo nitawaonyesha mimi ni nani. Mwacha asili ni mtumwa, wazee wamesema. Mimi nakuongezea: si kosa kuonja cha mgeni, kosa ni kusahau ni nani anayekaa mezani.

Kwa maana kwetu kuku wa mgeni ana taratibu zake. Kichwa na miguu vinaonekana, mgeni ajue amechinjiwa kuku mzima. Na firigisi, kile kinyama kigumu cha tumboni ambamo kuku husagia mahindi, haikatwi hata kidogo. Inapikwa nzima, inakaa juu ya sahani ya mwanamume mkubwa kuliko wote. Mpishi akiila jikoni ni jambo la aibu. Msichana akiila, watu wanasema huyu ataficha chakula na kwa mumewe. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Kwa wengine sijui.

Haya yote niliyajua tangu utoto. Lakini siku ile mikono ilikuwa inafuata mikono ya Mama Zaituni, na mikono ya Mama Zaituni ilikata vyote vidogo. Nikavua ngozi. Kichwa na miguu nikamtupia mbwa. Vilivyobaki vyote nikakatakata, nikapika, na niseme haki, sosi ile ilikuwa tamu. Ilikuwa nzito, ya manjano, imeng'aa. Nikaipeleka mezani pamoja na bugali, shingo yangu ndefu kama ya korongo.

Shangazi Katungu aliangalia sahani muda mrefu.

“Kuku hii,” akasema, “ilitokea wapi bila manguo?”

Kambale akakohoa. Baba yangu akaangalia ukuta. Lakini Baba Paluku alikuwa na njaa ya safari. Akaomba Mungu kwa kifupi, akaanza kula, na kimya chake kilikuwa kizuri. Hata shangazi alionja, akaonja tena. Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, “Nani alikufundisha kupika hivi?”

Hapa ndipo, mwanangu. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikafikiri, hawa ni Wakatoliki wa Luofu, watasema nimelelewa jikoni kwa Waislamu. Na tena nikafikiri, kwa nini sifa igawanywe? Mpaka leo sijui ni fikira gani kati ya hizo mbili ilikuwa kubwa zaidi. Natamani iwe ile ya kwanza, lakini siwezi kuapa.

“Hakuna mutu,” nikasema. “Ni akili yangu tu.”

Nilipoinua macho, Mama Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chapati iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa amesikia kuna wageni kabla ya siku, akajua mama hayupo, akaja kunisaidia. Akasalimia wazee wote vizuri, akaweka chapati mezani, akatoka. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Shangazi hakuwa amemaliza. “Sawa, kama ni akili yako, akili yako imepeleka firigisi ya kaka yangu wapi?”

Nikaangalia ndani ya sufuria, nikageuza kijiko. Karoti manjano, kiazi manjano, kuku manjano. Hakuna aliyeweza kusema hiki ni nini na kile ni nini.

“Iko ndani, Shangazi.”

“Iko ndani ya sosi ao ndani ya tumbo ya mupishi?”

“Sikuikula, Shangazi. Naapa.”

“Binti yangu haibi,” baba yangu akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema mezani siku ile, na mpaka leo namshukuru. Lakini baba hakuwa jikoni, na shangazi alijua hivyo. Nikamwona Kambale amekunja kitambaa cha kunawia mara nne, mara nane. Nikaona mbuzi zangu zinageuka, zinarudi Luofu moja baada ya nyingine.

Ndipo Baba Paluku akainua mkono, kwa sababu hakuweza kusema. Alikuwa anatafuna. Sasa nikakumbuka alikuwa anatafuna tangu chapati zilipoingia, kile kile kipande, upande huu, upande ule. Akakitoa, akakifuta kwa kidole, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

“Katungu,” akasema, “hii nyama yenye kukataa meno yangu, si njo yenyewe?”

Shangazi akaikagua. Ilikuwa robo ya firigisi.

“Na ile ingine nilishameza,” mzee akasema, “nikafikiri ni kiazi ya Butembo, nikasema viazi ya huku iko nguvu sana.” Akacheka mpaka akashika ubavu. Kambale akacheka, baba akacheka. Mimi nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Shangazi Katungu hakucheka. Alikuwa ameinua kitambaa cha chapati, akakinusa, akanusa na sosi yangu: harufu ile ile. Akakunja kitambaa vizuri, akakiweka mapajani.

“Firigisi tumeiona,” akaniambia, sauti ya chini. “Sasa yule mama wenye ulikatakata ndani ya sosi yako, yee tutamuona wapi?”

Nikaangalia mlango aliotokea Mama Zaituni.

“Mutoto, sikia. Firigisi nilikuulizia ju ya desturi. Ukikosa desturi, tunakufundisha, ni kitu ya siku moja. Lakini mutu anakupatia moto ya jiko yake, unasema moto iliwaka yenyewe? Kesho utakuwa mu nyumba yetu. Miye nitakufundisha kulima, mama mukwe atakufundisha kulea. Na shiye utatumeza hivi hivi?” Akasimama. “Mbuzi tutasema siku yake kesho, mbele ya huyo mama. Kama hayuko, na shiye hatuko.”

Nataka kuwa wa haki kwake. Watu wengi walimwogopa Shangazi Katungu, na mimi nilimwogopa miaka mingi. Lakini angeweza kuondoka na neno la firigisi, akanisema kwa ukoo mzima, na hakufanya. Alinifungia mlango mmoja, akaniachia mwingine.

Nikavuka ua. Mama Zaituni alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

“Karibu, akili,” akasema. “Umekuja kuomba chumvi?”

“Nimekuja kuomba musamaha, mama.”

“Kwa nini? Akili haina mama. Inazaliwa yenyewe, inajipikia.”

Nikapiga magoti pale penye mchele. Nikamweleza yote, hata lile la kutaka sifa, maana nilihisi nikiacha moja nitakuwa sijaomba. Mficha uchi hazai. Alichambua mpaka akamaliza ungo wote. Kisha akasema, “Na firigisi uliikata?”

“Niliikata.”

“Maskini ya mzee.” Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, nikajua nimesamehewa. “Lakini kesho nitakuja kula, si kuangalia. Basi kuku atachinjwa na bwana yangu, kama tunachinjaka shiye. Pasipo hivyo nitakaa pale na mikono mitupu.”

Jumapili, baada ya misa, mume wake alichinja kuku uani kwetu, baba akashika mabawa. Mama yangu alikuwa amerudi kutoka Beni, amesikia habari yote, amenivuta sikio mara moja tu, kwa kiasi. Tukapika watu watatu: mama akashika moto, Mama Zaituni akakaa kwenye kigoda, na mimi nikakoroga. Ngozi hatukuivua safari ile. Kichwa na miguu tukavikaanga kando, vionekane. Nilipofungua karatasi ya bizari nikasimamisha mkono, nikasema kwa sauti, “Hii nilifundishwa na Mama Zaituni. Yee alifundishwa na Mama Shirin wa Beni. Na yee na mama yake.” Mama yangu akasema amina, kama vile ni sala.

Firigisi ilifika mezani nzima, juu ya sahani ya Baba Paluku, manjano kama jua. Nikamtaja mwalimu wangu mbele ya wote. Mzee akaomba kisu. Akaikata katikati, na nusu moja akaiweka kwenye sahani ya Mama Zaituni.

“Ya mukubwa wa nyumba,” akasema, “na ya mukubwa wa jiko.”

Sikuwa nimewahi kuona mwanamke anapewa firigisi mbele ya wanaume. Nikamwangalia Shangazi Katungu, nikingoja aseme. Akasukuma bakuli la sosi kwangu. “Niongezee,” akasema. “Na mbuzi zitakuja Ijumaa ya pili.” Zikaja. Moja ilikula pazia la mama, lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi, mjukuu wangu, juzi uliniletea bizari ya pakiti, ukasema, “Koko, kupika kari nimejifunza mu telefone, sikufundishwa na mutu.” Nilinyamaza, maana mimi si mtu wa kukurupuka na shauri, nimekosea mno. Lakini nimelala nalo usiku mara mbili, na sasa naliandika. Ndani ya telefone ile kuna mama fulani aliyesimama mbele ya moto wake akakuonyesha. Ana jina. Litafute, ulitaje. Ukipika cha ugenini, pika kwa furaha, baridi ya Butembo inakipenda. Lakini kabla ya kukata, jiulize nani atakula na anangojea kuona nini. Usipojua, uliza, kuuliza si ujinga. Ukisifiwa, gawanya sifa ingali moto, maana sifa ya kula peke yako ni firigisi ya kuiba: utaitafuna, haitalainika.

Mungu akupe jiko lisilozimika na jirani asiyechoka kuiita pua yako. Akupe wageni wenye njaa na wakwe wenye kucheka, hata wakichelewa. Na siku moja, mtoto akisimama mbele ya sufuria yake, asimamishe mkono na aseme jina lako.