Kidole Kimeuma, Jamani

Leo nimeungua kidole nikashangilia. Subirini niwaeleze.

Mwaka jana bati lilinikata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Mshipa wa fahamu ukakatika. Madaktari wakachukua kipande cha mshipa kutoka mguuni kwangu, wakaunganishia pale. Wakasema utaota polepole, nivumilie.

Nimevumilia. Vidole vitatu vilikuwa kama vya mtu mwingine, havisikii moto wala baridi.

Sasa mchana huu naepua maharage, kitambaa kikateleza. Kidole cha kati kikagusa sufuria.

Kikauma!

Nikakigusisha tena, makusudi kabisa. Kikauma tena!

Nikatoka mbio. Hapa Bariadi mimi bado mgeni, ninayemjua ni jirani wa mlango wa pili tu, Mama Kulwa. Nikagonga.

"Mama Kulwa, nimeungua!"

Nacheka huku machozi yananitoka. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Pole, dada. Kaweke maji ya baridi."

Akafunga mlango.

Nikabaki nimesimama pale, kidole juu. Ningeanzia wapi kumweleza? Hata jina langu sidhani kama analijua.

Nikampigia mama, yuko nyumbani huko Mwanhuzi. Hapatikani.

Basi nimerudi ndani. Nimekaa kitandani peke yangu, kidole kinapwita, na sina wa kumwonyesha.

Pole nimeshapewa, jamani. Hakuna hata mmoja wa kuniambia hongera?