Salome Aitwa Chichako

Salome Silasi alizaliwa ukingoni mwa mto Yukon, wiki ambayo barafu ilikuwa ikikatika. Lakini mwaka aliorudi kutoka shule ya misheni, mzungu mmoja alimwita chichako.

Wachimba dhahabu humwita hivyo mgeni asiyejua kitu, yule anayewashibisha mbwa asubuhi halafu anashangaa hawavuti sleji, lile gari la kuteleza juu ya theluji. Jina hilo humtoka mtu akishauona mto ukiganda na ukiachia barafu. Mzungu huyo, Orvili Tigi, alikuwa ameuona mara mbili. Mara mbili tu! Na tayari anawagawia watu majina.

Tena huyo Tigi alikuwa amefunga gurudumu lake la kuvulia samaki, linalosukumwa na maji na kuzoa samaki lenyewe, pale maji yanapozunguka, mahali walipovulia mama yake Salome na bibi yake. Mama alishakufa. Shangazi Agata alibaki na vichanja vitupu vya kukaushia, samaki aina ya samoni wanapita, na baridi ikija bila samaki mkavu, watakula nini?

Salome akateremka mtoni.

"Bwana, ondoa dude lako. Hapa petu."

Tigi akatazama viatu vyake vya shule, akawageukia wenzake waliokuwa wakipakua mtumbwi.

"Msikieni chichako! Binti, ulishawahi hata kumpasua samaki?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tumbaku.

Shuleni walimfundisha kunyamaza, kwa fimbo. Siku hiyo hakunyamaza. Akavua viatu, akamtupia Tigi kifuani, kimoja baada ya kingine. Akachomoa kisu, akaingia majini hadi mapajani, akakata kamba za gurudumu.

"We mwanamke una kichaa!"

"Ninacho! Funga tena, nitakata tena. Mama yangu kalala pale juu kilimani. Wa kwako kalala wapi? Sema basi!"

Tigi akaligeukia gurudumu lake. Gurudumu lilikuwa likienda zake, likaja kukwama kwenye mchanga ng'ambo. Sasa wenzake walikuwa wakimcheka yeye. Wakavuka naye kulinasua, na wakalifunga hukohuko.

Salome bado anamtukana Tigi kutoka ukingoni, shangazi Agata akaja na wavu begani.

"Utamtukana mpaka kesho, mwanangu? Samaki hao wanapita. Shika huku, vuta."

Akashika.