Jina ya Ilunga ku ruta ya pili

Mwenye ukurasa, unifiche jina, hapa Kamina tunajuana. Niko mama wa miaka makumi mbili na tatu, na mutoto mumoja wa kunyonya, Mwamba. Masomo niliishia sita primeri, munivumilie mwandiko. Bwana yangu ni mwalimu. Tunakaa na mama yake mu parsele moja, kiwanja kimoja, karibu na gare ya treni: sisi nyumba ya mbele, yeye ya nyuma.

Koneksio haikufika kwa mama, bwana akamuwekea ruta ya pili, kale kamashini ka kutoa wifi. Mama akauliza: « Ile jina ya wifi inatokeaka hata ku telefone ya mutu anapita barabarani? » Nikasema ndiyo. « Basi muandike Ilunga. »

Ilunga njo mutoto wake wa kwanza. Wakati wa vita, ile myaka ya tisini, walikimbilia gare. Mama alibeba bwana yangu mugongoni, Ilunga akashika kikwembe chake, nguo alijifunga kiunoni. Watu wakasukumana ku treni. Mama kugeuka, kikwembe iko, mukono haiko. Mpaka leo hajakubali kilio kifanyike.

Kusoma hajue. Kila asubuhi ananiletea telefone: « Mwana, soma. » Ninasoma: Ilunga. Anacheka: « Haya! Akipita, atajua kwao ni hapa. »

Lakini rezo inatusumbua. Tukitoka mbele kwenda nyuma, telefone inashikilia ruta ya mbali kama mutoto ku kikwembe, haitaki kuachia, na masomo bwana anatumia wanafunzi wake inakwama. Tekinisie akasema: « Mupitishe kable kati ya ruta mbili. Ya mbele peke yake igawe adresi, zile namba za kila telefone. Na zote ziitwe jina moja, telefone itahama yenyewe ku ile ya karibu, hamutapoteza spidi. »

Nikafurahi, nikaambia bwana: « Papa Mwamba, tuite zote Ilunga! »

« Apana. Kila nikifungua telefone, naona ule mutoto mama aliacha chini juu ya kunibeba mi. Nimechoka. Tuweke jina ya mutoto wetu. »

« Na mama? »

« Mama hasome. Weye utasema tu: Ilunga. »

Akageukia ukuta.

Tekinisie anarudi juma nne na kable. Bwana ninamupenda, na ule mama alinipokea kama mutoto wa tumbo lake. Leo alipangusa ruta na ncha ya kikwembe, akaniambia: « Soma polepole, nisikie muzuri. »

Ndugu zangu, mulio na mama na musio naye, munipe shauri. Juma tano asubuhi akiniletea telefone, nitasoma nini?