Ndege wa Mvua Hana Wimbo wa Pili

Nilijua masikio ya mama yangu yanakufa nikiwa kanisani. "Amina" yake ilikuja peke yake, watu wote wakiwa wameshaketi. Nilitaka kucheka, kisha nikamshika mkono.

Kwetu, upande huu wa Mwala, tunapanda kwenye udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka, ili mvua ikute mbegu inaisubiri. Ukikosea siku, umewaandalia karamu kwale na mchwa. Redio ina utabiri wake na simu ina wake, lakini kilima chetu kilimtegemea mama, kwa sababu hakuna aliyemjua kama yeye ndege wa mvua, ambaye hulia siku chache kabla ya mvua. Akitoka na kibuyu cha mbegu, majirani nao walifunga ng'ombe kwenye plau.

Mwaka huo Oktoba iliisha na mama hajatoka. Kila alfajiri alikaa kwenye kigoda nje ya jikoni, shingo ameiinamisha upande. Jirani alipoita juu ya ua, "Mwaitu, mama yetu, bado?" mama alisoma midomo yake na kujibu, "Bado."

"Labda ndege amelia na mimi sijui," aliniambia jioni moja.

Nikamwambia basi anifundishe, nimsikilizie.

Alinifundisha kwa mluzi. Mluzi wake ulikuwa bado safi, ingawa mwenyewe hakuusikia. Huyu tetere. Huyu hondohondo. Ndege wa mvua ni sauti tatu zinazoshuka, kama mtu anayeteremka ngazi bila wasiwasi. Nilikuwa mwanafunzi mbovu. Nimezaliwa katikati ya ndege hawa, na kwangu walikuwa kelele moja tu. Tena mimi ni mtu wa pupa. Nina kibanda cha ushonaji pale Masii, na wateja wangu wanajua mkasi wangu hutangulia futi.

Asubuhi moja nikichota maji nikazisikia zile sauti tatu kwenye mkuyu wa mtoni. Nilirudi mbio, mtungi nikauacha huko huko. Mama hakuniuliza mara mbili. Alitoka na kibuyu, na kufikia mchana kilima kizima kilikuwa kinapanda ndengu na mahindi.

Kesho yake nilirudi kuchukua mtungi. Mkuyu ukalia tena. Sauti tatu. Halafu tetere. Halafu mluzi ule ule ambao jirani humwitia mbwa wake. Nikainua macho: kindege chenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe, kinaiga kila kilichosikika bondeni. Niliomba ardhi inimeze.

Mama alinitazama midomo mpaka nikamaliza kueleza. Kisha akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

"Aiya! Uko na maskio mbili mzima na unadanganywa na ndege?"

Halafu kicheko kikaisha. "Watasema ni mimi nimezeeka," akasema.

Nilitaka kwenda kuwaeleza majirani. Alinikataza, mwenye shamba ni yeye, na kosa la shamba lake ni lake. Mbingu zilibaki kavu. Kwale walifukua mistari yetu mmoja baada ya mwingine, na jirani akaacha kuita juu ya ua. Alikuwa akipita na redio yake kwapani, ameinamisha kichwa kwa heshima. Mama aliiona heshima hiyo, nayo ilimuuma kuliko matusi. Mimi ilinitia hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia isipokuwa kindege.

"Ndege wa mvua hana wimbo wa pili," mama aliniambia. "Msikilize mpaka achoke."

Basi nikajifunza kukaa. Wateja wa Masii walikuta kibanda kimefungwa asubuhi, wakanisema. Hatimaye ndege alilia, mbali, ng'ambo ya mto. Nilikaa juu ya jiwe. Sauti tatu, na tena zile tatu, na tena, mpaka jua likanichoma kisogo. Hakuongeza kitu.

Mama alikuwa akipuliza moto. Nilichukua kiganja chake nikakiweka kwenye koo langu, nikaimba kwa sauti nzito ya chini: moja, mbili, tatu. Nikarudia. Vidole vyake vilikuwa na joto na harufu ya moshi, nami nilimpenda hadi sauti ikataka kukatika.

"Haongezi?"

Nikatikisa kichwa.

Akachukua kibuyu na mbegu zilizobaki, akatoka. Jirani alikuwa uani kwake. Alimtazama mama, akatazama mbingu isiyo na hata wingu, akamtazama mama tena. Kisha akazima redio, akamwita mkewe alete ng'ombe.

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshainama, anafukia shimo la kwanza kwa wayo. Nilimgusa bega, nikamgeuza aone.