Mafuta Niliyomnyima Binti Yangu

Kwetu huku Ikungi, mwenye kikohozi halishwi mafuta. Hilo halina mjadala. Mimi ni kichwa ngumu kwa mambo mengi, ila hilo nililishika vizuri. Tunalima alizeti, tunakamua, madumu yamejaa stoo, na binti yangu wa miaka tisa anakula ugali na mlenda wa chumvi tupu.

Alikohoa tangu mchanga. Dozi ya kifua kikuu alimaliza mara mbili, wapi! Choo chake kilielea, kinang'aa mafuta, harufu haisemeki. Nikasema si mnaona, hata hayo kidogo mwili unayakataa. Nikakaza uzi. Siku moja alidokoa chapati kwa shangazi yake, nikamchapa. Mifupa mitupu ile, na nikaichapa.

Mwaka jana tukapewa rufaa kwenda Dodoma. Wakampima jasho, wakasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: ute mzito unaziba mapafu, unaziba na kongosho linalotoa maji ya kusaga mafuta tumboni. Daktari, binti mdogo tu kwangu, akauliza mtoto anakula nini. Nikamweleza kwa kujidai kabisa kwamba kwangu hagusi tone la mafuta. Akaacha kuandika.

"Mama, huyu ndiye wa kulishwa mafuta kuliko wote nyumbani kwako."

Akanieleza kuwa kupumua tu kwa mapafu yale kunammaliza nguvu, kwamba anahitaji chakula kingi kuliko mtoto mwenye afya, pamoja na vidonge vya kusaga mafuta kila mlo. Akikonda, mwili unashindwa kupigana na maambukizi hata kwa dawa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alichomwa sindano wiki mbili, tukarudi na vidonge. Tangu hapo nampikia wali wa mafuta, mayai, karanga. Anaonja wali, anasukuma sahani. Kilo zinashuka. Kifua kimeshikwa tena, na niliambiwa kila kikishikwa, kipande cha pafu kinakwenda na hakirudi. Nimechoka kulia, nimebaki na hasira, na wa kumkasirikia ni mimi.

Jana mchana nilimshika shingo nikamlisha tonge kwa nguvu. Alilitema kiganjani, akaliweka pembeni ya sahani, akanifuta mkono wangu uliochafuka.

"Najua unanijaribu tu, mama," akasema. "Mimi mafuta sili. Nataka kupona."