Tundu Lisilofunikwa

Jumamosi, tarehe kumi na tano Machi. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Rongo, nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu huku nikisikiliza ngurumo za upande wa ziwa, simu ilipolia. Alikuwa binamu yangu, aliyebaki kijijini kwetu, upande wa Ndhiwa, kulitunza shamba ambalo nyanya alituachia sisi wawili. Hakuzunguka sana.

"Dada, nataka kukivunja kile kichuguu," alisema. "Wafyatuaji wa matofali wamekitazama, wanasema udongo wake unatosha nyumba nzima. Nawe unaijua hii ninayoishi. Mvua ikinyesha, nahamisha kitanda mara tatu."

"Kichuguu cha nyanya?"

"Kwani kuna kingine? Hicho ndicho kilichobaki kilima kizima. Na si kaburi, Dada, ni mchwa tu. Lakini niandikie barua nimwonyeshe mzee wa kijiji, wasije wakasema nimekula urithi peke yangu."

Nilimwahidi kwamba nitaandika. Kisha nikaweka kalamu chini, na kazi ya siku hiyo ikaishia hapo, kwa maana pua yangu ilikuwa imekwisha kutangulia nyumbani. Ilinusa udongo uliolowa, moshi wa kuni mbichi, na kumbikumbi wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Kama nawe ulilelewa karibu na kichuguu, huna haja ya kuelezwa. Chetu kilikuwa kirefu kuliko ghala la nafaka, chekundu, na mgongoni mwake uyoga mweupe uliota kila msimu. Kila kichuguu kilikuwa na mwenyewe, aliyejulikana kama anavyojulikana mwenye ng'ombe. Ungeweza kukatiza shamba la mtu na kunywa maji yake bila kuuliza, lakini ukitandika blanketi lako juu ya kichuguu chake, kesi hiyo ilifika kwa wazee.

Mvua za kwanza zilipokatika na jua la alasiri kurudi, nyanya alikigusa kichuguu kwa kiganja, akakiegemezea sikio. "Wanavaa mabawa," alituambia, na sisi wajukuu tukatawanyika kutafuta fito, majani ya mgomba, mablanketi na vyungu. Juu ya kila tundu tulijenga kijumba kidogo, tukakifunika kiwe giza ndani, tukaacha upenyo mmoja wa mwanga, na chini ya upenyo huo tukafukia chungu hadi shingoni. Halafu tukagonga vijiti juu ya gogo kavu, kwa mdundo wa mvua. Nyanya alisema kumbikumbi ni kama wageni wa arusi, wakisikia ngoma hawawezi kukaa ndani. Nao walitoka kweli, wakaufuata mwanga, wakaporomoka chunguni kwa sauti kama ya mtama unaomiminwa ungoni.

Sheria ilikuwa moja. Tulifunika matundu yote isipokuwa lile la upande wa mashariki. "Wa tundu lile si wetu," nyanya alisema. "Kichuguu hiki nilikikuta. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kukifanya kiwe cha mwisho."

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua alikuwa Msabato, na kumbikumbi wake, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walipenda sana kutoka siku ya Jumamosi. Basi yeye, akiwa ametoka kanisani na gauni lake jeupe, aliketi kwenye kigoda akiwatazama wakipaa wote, akimeza mate tu. Watoto tulisema kichuguu chake kimeokoka. Nyanya hakucheka. "Wake wanapumzika siku moja, wangu wanapumzika tundu moja," alisema. "Mungu ni yule yule."

Ilikuwa Jumamosi kama hiyo, nikiwa na miaka tisa hivi, nilipoivunja sheria. Binamu yangu, huyuhuyu wa simu, chungu chake kilikuwa kimefika nusu. Alikiinamia changu, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza.

"Hiki kinalia njaa," alisema. "Chukua blanketi langu, ufunike na lile tundu jingine. Kama huogopi."

Sikuogopa. Nilizunguka upande wa mashariki, nikalifunika tundu, na kabla ya muda mrefu chungu changu kilikuwa kinafurika. Ndipo sauti ya jirani ilipovuka ua. Alimwita nyanya kwa jina la kwao alikozaliwa, kama ilivyo desturi yetu.

"Nyar Karungu, njoo uone. Mjukuu wako amefunga mlango wa kanisa na waumini wako ndani."

Nyanya alikuja polepole. Alikitazama chungu, akanitazama mimi.

"Umeshiba?"

"Bado hatujala, Dana," nilisema, kama tulivyomwita nyanya sote.

"Basi leo utaanza kushiba kwa macho."

Hakunichapa. Aliliondoa blanketi, akavunja tawi lenye majani na kunikabidhi. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na tundu lile na kuhakikisha kwamba hakuna kuku, ndege wala mkono wa mtu unaomgusa anayetoka, mpaka wa mwisho atakapoondoka. Binamu yangu aligonga vijiti vyake kwa furaha mpya. "Askari wa mchwa," aliniita, na jirani akacheka mpaka kofia yake ya kanisani ikalala upande.

Nilisimama nimenuna. Jogoo wa nyanya alinijaribu mara ya kwanza, mara ya pili, na kwa mara ya tatu nikamkimbiza hadi jikoni. Niliporudi, tundu lilikuwa linabubujika kumbikumbi. Walitoka kwa mamia, mabawa yao yakashika jua, wakapanda juu yangu kama moshi unaong'aa. Wengine walitua nywelani mwangu wakapumzika, wakaendelea na safari. Nikasahau kununa. Karibu na mguu wangu wawili walitua, wakakung'uta mabawa kama watu wanaovua makoti, wakafuatana, mmoja nyuma ya mwenzake, kutafuta pa kuanzia maisha.

"Hao wanakwenda kuwajengea wajukuu zako," nyanya alisema nyuma yangu. Sikujua alikuwa amesimama pale tangu lini.

Jioni hiyo, ugali wa mtama ulipopakuliwa, konzi ya kwanza ya kumbikumbi alinipa mimi. Msimu uliofuata nililiomba tawi kabla hajaniambia.

Leo vichuguu vya kilima kile vimekuwa nyumba. Siwalaumu wenye nyumba hizo. Hata kuta za nyumba hii ya Rongo ni udongo wa kichuguu cha mtu fulani ambaye sikumuuliza jina. Nyanya hayupo, jirani wa gauni jeupe hayupo, na mdundo ule wa vijiti sijausikia kwa miaka mingi. Kila nilipotaka kuandika "vunja", nilikiona kitanda cha binamu yangu kikihamishwa, nikasema ana haki. Kila nilipotaka kuandika "usivunje", nilizitazama kuta zangu nikaona haya. Hivyo ndivyo wiki tano zilivyopita, mpaka asubuhi moja nilipokwenda nyuma ya jiko na kusimama mbele ya matofali niliyoyarundika ili nizungushe ukuta. Siku hiyohiyo nikamtumia barua hii:

"Ndugu yangu,

Kichuguu kibaki. Mwonyeshe mzee wa kijiji maneno haya, na chini nimetia sahihi. Jumanne lori litakuletea matofali yangu yote. Hayatamaliza nyumba, lakini yatakufikisha madirishani; kwa yaliyobaki tutatafuta udongo bondeni, mimi na wewe. Mimi nitapanda michongoma, inanitosha kuwa ua.

Mvua zikikatika, gusa kwa kiganja usikilize. Wakianza kuvaa, nipigie, nitafika kabla ya alasiri. Wafundishe watoto wako kugonga vijiti, na uwaambie tundu la mashariki halifunikwi. Ukiulizwa ni nani aliyewahi kulifunika, sema ukweli wote, pamoja na blanketi lilikuwa la nani.

Tawi usimpe mtu. Kuku ni kazi yangu.

Dada yako."